Kubadilisha Tairi na Tyubu ya Pikipiki Nyumbani Bila Kutoboa Tyubu Mpya

Tyubu mpya, tairi jipya, jasho la nusu siku, halafu upepo unatoka hata kabla pikipiki haijashuka kwenye stendi. Wengi wanaojaribu kazi hii nyumbani hukwama hapo, na chanzo karibu kila mara ni kilekile: wametumia nguvu mahali palipohitaji nafasi. Katikati ya rimu kuna mfereji. Ukijua kuutumia, tairi la pikipiki ya cc 125 au 150 linaingia kwa mikono na magoti, liva zinamalizia tu. Usipoujua, utavuta chuma hadi kikamate tyubu.

Mwongozo huu ni wa pikipiki za kazi zenye rimu za spoku na tairi la tyubu: Boxer, TVS HLX na nyingine za aina hiyo. Nimefuata gurudumu la nyuma kwa sababu ndilo lenye mambo mengi. La mbele lina sehemu yake fupi chini. Kama pikipiki yako ina sport rim, yaani rimu ya kipande kimoja isiyo na spoku, soma kwanza ubavu wa tairi. Ukikuta neno TUBELESS na hakuna tyubu ndani, kazi yako ni nyingine.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Usifungue hata nati moja kabla vyote havijawa mbele yako. Gurudumu likishatoka, huna usafiri wa kwenda dukani.

- Liva mbili za tairi, tatu ni bora zaidi. Ni vile vyuma bapa vya fundi pancha. Pitisha kidole kwenye ncha: ikikukwaruza, itakwaruza na tyubu. Isugue kwa msasa. Bisibisi usiitumie kabisa.
- Spana mbili za nati za shafti, yaani kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu, moja kila upande. Zijaribu kwenye nati kabla ya siku ya kazi.
- Koleo, na kotapini mpya, yaani ile pini ya kukunja inayozuia nati isifunguke.
- Kifunguo cha sindano ya valvu, yaani kile kipande cha ndani kinachozuia upepo usitoke. Vifuniko vingine vya valvu vya chuma vina ncha yenye mwanya inayofanya kazi hiyo.
- Pampu na geji ya upepo.
- Sabuni ya maji iliyochanganywa na maji, pamoja na brashi au sponji.
- Poda ya watoto.
- Utepe wa rimu, yaani ule mkanda wa raba unaofunika vichwa vya spoku.
- Brashi ya waya, msasa, kitambaa cha pamba na grisi kidogo.
- Tairi kuukuu la gari, la kulaza gurudumu juu yake. Ukikosa, magunia yaliyokunjwa yatafaa.

Grisi ni ya shafti peke yake. Wapo wanaopaka oili chafu au dizeli kwenye tairi ili liteleze. Litateleza kweli, ila mafuta huilainisha na kuiharibu raba, na tone moja likiingia kwenye dramu, yaani lile duara la katikati ya gurudumu ambamo viatu vya breki husugua, breki inapungua nguvu.

## Kununua tairi na tyubu inayolingana

Nakili maandishi ya ubavuni mwa tairi la zamani, au uyapige picha. Kwenye pikipiki nyingi za kazi za rimu ya 17 utakuta 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma.

Chukua mfano wa 3.00-17 50P. Upana ni inchi 3, na rimu yake ina kipenyo cha inchi 17. Ile 50 ni alama ya mzigo, nayo ina maana kwamba tairi hilo linaruhusiwa kubeba kilo 190. Herufi P ni mwendo wa mwisho, kilomita 150 kwa saa. Ukiuziwa lenye 41 badala ya 50, unashuka hadi kilo 145. Kwa anayepakia magunia, au mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, ambayo sote tunajua hairuhusiwi lakini ipo, tofauti hiyo si ndogo.

Tafuta pia tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. 3223 maana yake ni wiki ya 32 ya mwaka 2023. Tairi lililoning'inizwa juani nje ya duka, ukilikunja kwa mkono likaonyesha nyufa kati ya kashata, yaani vile vipande vinavyokanyaga barabara, liache hata kama bei imeshuka.

Tyubu nunua mpya pamoja na tairi, na vipimo vyake viwe vya tairi lako. Ya zamani imeshatanuka. Ukiirudisha kwenye tairi jipya inajikunja, na pale penye mkunjo ndipo itakapopasuka.

## Hatua ya 1: Kutoa gurudumu

Subiri ekzosi ipoe. Piga picha kwa simu pande zote mbili za shafti, zionyeshe mpangilio wa washa, bushi na virekebishi vya cheni. Picha hizo zitakuokoa saa moja baadaye.

Toa kotapini kama ipo, kisha legeza nati ya shafti wakati magurudumu yote bado yako chini. Ukiivuta kwa nguvu pikipiki ikiwa juu ya stendi kubwa, unaweza kuiangusha. Ikishalegea, ndipo upandishe kwenye stendi kubwa, mahali pagumu na pa usawa.

Fungua nati ya fimbo ya breki na uichomoe fimbo. Fungua pia ule mkono wa chuma unaoizuia sahani ya breki isizunguke. Weka vipande kwenye sahani au kopo kwa mpangilio uliovitoa.

Sasa tazama upande wa cheni. Pikipiki nyingi za aina hii zina nati mbili hapo: ya shafti, na nyingine kubwa zaidi inayoshikilia sproketi, yaani lile gia la meno linalozungushwa na cheni. Ile kubwa usiiguse. Ukichomoa shafti, gurudumu litatoka na sproketi itabaki mahali pake pamoja na cheni. Kama yako ina nati moja tu, legeza virekebishi, sukuma gurudumu mbele, kisha uivue cheni kwenye sproketi.

Shafti ikigoma, irudishie nati hadi iwe sawa na ncha ya shafti, kisha gonga kwa kipande cha mbao. Nyundo ya chuma inaponda uzi, na nati haitarudi tena.

Toa sahani ya breki na uiweke mbali na sabuni. Vumbi la ndani ya dramu usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Lifute kwa kitambaa chenye unyevu.

Umefaulu ikiwa: gurudumu liko mkononi, na kila bushi unajua ilikotoka.

## Hatua ya 2: Kutoa upepo na kubandua tairi kwenye rimu

Toa sindano ya valvu. Kuibonyeza tu hakutoshi, kwa sababu upepo kidogo unaobaki unatosha kulikaza tairi. Ondoa nati ya valvu pia.

Midomo ya tairi, yaani kingo zake mbili zenye waya ndani, imegandamana na rimu. Laza gurudumu juu ya tairi la gari, panda kwa kisigino karibu kabisa na rimu, na uzunguke kidogo kidogo. Geuza, rudia upande wa pili. Tairi lililokaa miaka mingi likikataa, laza gurudumu chini ya stendi ya pembeni ya pikipiki nyingine, mguu wa stendi ukanyage tairi pembeni mwa rimu, halafu mtu aiegemeze ile pikipiki taratibu. Mguu usikanyage rimu wala spoku.

Umefaulu ikiwa: midomo yote miwili inacheza huru mzunguko mzima.

## Hatua ya 3: Kulitoa tairi la zamani

Paka maji ya sabuni kwenye mdomo wa juu. Anza kwenye valvu. Piga magoti juu ya upande ulio mkabala nayo ili mdomo uzame kwenye mfereji. Kila unachokizamisha upande huo kinakuwa nafasi upande wa valvu.

Ingiza liva ya kwanza karibu na valvu, pindua mdomo utoke nje, uishikilie. Ingiza ya pili umbali wa vidole vitatu kutoka ya kwanza. Endelea kwa vipande vidogo hivyo hivyo. Anayeruka umbali wa kiganja kizima huishia kupinda liva, na rimu laini nayo hupata meno. Baada ya robo ya mzunguko, sehemu iliyobaki hutoka kwa mkono.

Vuta tyubu, ukimalizia na valvu. Kabla haijatoka yote, weka alama ya chaki kwenye tairi mahali valvu ilipokuwa. Alama hiyo ni ya hatua inayofuata. Simamisha gurudumu, vuta mdomo wa pili upande ule ule uliotolea wa kwanza, na utoe tairi zima.

## Hatua ya 4: Kutafuta kilichotoboa

Hatua hii hurukwa, halafu tyubu mpya inakufa kwa msumari wa jana.

Jaza tyubu ya zamani upepo kidogo, tafuta tundu, kisha uilaze juu ya tairi kwa kufuata alama ya chaki. Tundu likiwa upande wa nje, kuna mwiba, msumari au waya kwenye tairi mahali hapo. Likiwa upande wa ndani unaotazama spoku, mkosaji ni kichwa cha spoku au utepe wa rimu uliohama. Matundu mawili madogo yaliyo karibu karibu yanaonyesha kwamba tyubu ilibanwa, ama na liva ama na rimu ilipopiga shimo tairi likiwa na upepo mdogo.

Hata kama tairi unalitupa, rimu inabaki. Futa ndani yake kwa kitambaa cha pamba. Kitambaa kikinasa, pana kitu kikali. Usitumie vidole vitupu. Kichwa cha spoku kilichojitokeza kisugue kiwe sawa, kutu iondoe kwa brashi ya waya, kisha weka utepe. Utepe ukikosekana, kata mkanda kwenye tyubu kuukuu, ufunike vichwa vyote, na utoboe tundu la valvu. Usipande hadi kwenye kingo ambako mdomo wa tairi utakaa.

Gurudumu likiwa hapo nje, zungusha beringi kwa kidole. Ikikwaruza, ibadilishe leo leo. Angalia pia raba zilizo ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Zikiwa zimelika, ndizo zinazoleta ule mshtuko kila unapobadilisha gia.

## Hatua ya 5: Mdomo wa kwanza wa tairi jipya

Tafuta mshale ubavuni. Unaonyesha tairi linakozungukia pikipiki ikienda mbele. Linganisha na upande wa sproketi kabla hujaanza, maana kugundua baada ya kumaliza ni kuanza upya. Kama tairi lina nukta ya rangi ya kuonyesha sehemu nyepesi, ikae kwenye valvu.

Paka sabuni mdomo wa chini, laza tairi kwa mshazari juu ya rimu, na usukume. Upande mmoja uzame kwenye mfereji, mwingine uukanyage. Mara nyingi huhitaji liva hapa.

## Hatua ya 6: Kuingiza tyubu

Rudisha sindano ya valvu. Jaza upepo kiasi cha tyubu kusimama na kupata umbo la duara, basi. Tyubu isiyo na upepo hulala chini ya liva na kukunjika, na iliyojaa sana haitakupa nafasi.

Nyunyiza poda ndani ya tairi na juu ya tyubu. Tyubu itajipanga yenyewe bila kunata itakapotanuka.

Ingiza valvu kwanza kwenye tundu lake, ushikize nati kwa mizunguko miwili tu karibu na ncha. Usiikaze. Kisha ipange tyubu yote ndani ya tairi, ukipitisha mkono mzunguko mzima kuhakikisha haijajisokota.

Umefaulu ikiwa: valvu imesimama wima na inaweza kusukumwa ndani ikarudi.

## Hatua ya 7: Mdomo wa pili

Tyubu nyingi hufia hapa, kwa hiyo punguza kasi.

Valvu iwe upande wa mbali nawe. Paka sabuni mdomo mzima. Anza upande ulio karibu nawe, mkabala na valvu: bonyeza mdomo kwa mikono uingie, kisha uupigie magoti uzame hadi kwenye mfereji. Magoti yasitoke hapo hadi mwisho. Kwa mikono, endelea kubonyeza kushoto na kulia, pande zote mbili zikielekea kwenye valvu.

Kwa nini umalizie kwenye valvu? Kwa sababu shina la valvu limesimama ndani ya mfereji. Mahali hapo mdomo hauwezi kuzama, kwa hiyo ukianzia kwenye valvu unajinyima ile nafasi yote, na sentimita za mwisho zitataka nguvu ya ng'ombe.

Ikibaki sehemu ya kama kiganja na nusu, chukua liva. Kabla ya kila mvuto chungulia: tyubu isionekane kati ya liva na rimu. Ikionekana, irudishe ndani kwa kidole. Ingiza ncha kidogo tu, kiasi cha kushika ukingo wa rimu. Vuta hadi liva isimame wima, usipitilize. Ikilala upande wa pili, ncha yake inashuka ndani na kuchimba tyubu. Vidole vitatu, mvuto mmoja. Tena vidole vitatu.

Liva ikigoma, usiongeze nguvu wala usimwite jirani mwenye misuli. Ujue mdomo umepanda kutoka kwenye mfereji upande wa magoti yako. Uzamishe upya, ongeza sabuni, na ile sehemu iliyokataa itaingia.

Kipande cha mwisho kikiruka ndani, sukuma valvu kwa kidole gumba ipande kwenye tairi kisha uiache irudi. Hiyo inaitoa tyubu iliyonaswa chini ya mdomo karibu na shina.

Umefaulu ikiwa: ukifunua tairi kwa vidole mzunguko mzima, pande zote mbili, unaona utepe wa rimu na huoni tyubu imebanwa popote.

## Hatua ya 8: Kujaza upepo na kukalisha tairi

Jaza taratibu, ukisimama mara mbili tatu kudundisha gurudumu chini. Karibu na rimu kuna mstari mwembamba unaozunguka ubavu wa tairi. Umbali kati ya mstari huo na rimu uwe sawa kila mahali, pande zote mbili. Ukiona unazama sehemu fulani, toa upepo, paka sabuni hapo, jaza tena. Kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni usikivuke, na vidole viwe mbali na ukingo wakati tairi linakaa.

Likishakaa, toa upepo wote halafu ujaze upya. Tyubu hutanuka bila mpangilio mara ya kwanza. Mara ya pili mikunjo inafunguka.

Kwa pikipiki nyingi za aina hii upepo ni psi 25 mbele, na nyuma ni 28 ukiwa peke yako au 32 ukiwa na abiria. Kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti, kifuate chenyewe.

Nati ya valvu iache juu karibu na kifuniko, isiguse rimu. Tyubu ikihama kidogo ndani ya tairi, valvu italala na utaiona mapema. Ukiwa umeikaza kwenye rimu, valvu haina pa kwenda: shina linang'oka kwenye tyubu, na hapo hakuna kiraka kitakachosaidia.

## Hatua ya 9: Kulirudisha gurudumu

Fungua zile picha za simu. Paka shafti grisi nyembamba, panga bushi na washa kama zilivyokuwa, kisha pitisha shafti.

Funga mkono wa kuzuia sahani ya breki na uweke kotapini mpya. Narudia hili kwa makusudi: mkono huo ukisahaulika, siku utakapokanyaga breki sahani yote itazunguka na gurudumu na kukata kila kilicho karibu. Gurudumu linaweza kufunga ghafla ukiwa barabarani.

Cheni iwe na mchezo wa sentimita 2 hadi 3 katikati, upande wa chini. Alama za virekebishi zilingane kushoto na kulia. Kabla ya kukaza nati ya shafti kwa mwisho, unganisha fimbo ya breki, mtu akanyage breki na aishikilie wakati wewe unakaza. Viatu vya breki vinajiweka katikati ya dramu, na breki haitakwaruza.

Umefaulu ikiwa: gurudumu linazunguka huru, linasimama ukikanyaga breki, na halitikisiki ukilisukuma kushoto na kulia.

## Hatua ya 10: Kuijaribu

Zunguka mtaani polepole, ukifunga breki mara kadhaa. Rudi, kagua nati ya shafti, kotapini na mchezo wa cheni. Pima upepo tena asubuhi yake, tairi likiwa baridi.

Tairi jipya linateleza kwa sababu ya utando wa kiwandani. Kilomita 100 za mwanzo usilaze pikipiki kwenye kona, na kwenye lami iliyolowa uwe mwangalifu zaidi.

## Gurudumu la mbele

Kazi ya tairi ni ile ile. Tofauti ni mbili. Waya wa spidimita unatoka kwenye habu; ukirudisha, meno ya ndani yakamatane vizuri kabla ya kukaza, la sivyo utayavunja. Na sahani ya breki ina mwanya unaopaswa kuingia kwenye kizuizi kilicho kwenye shokapu. Huo ndio unaofanya kazi ya ule mkono wa nyuma, kwa hiyo chungulia uone umeingia. Pikipiki ikiwa na breki ya diski, usibonyeze breki gurudumu likiwa nje, pedi zitabana na diski haitaingia.

## Mambo yakienda kombo

Upepo umeisha ndani ya dakika chache. Toa tyubu, soma tundu kama Hatua ya 4. Ukikuta mkato ubavuni karibu na ulipomalizia, ni liva. Kabla ya kulaumu tyubu, tia mate kwenye mdomo wa valvu: mapovu yakitoka, sindano haijakazwa.

Gurudumu linaruka juu na chini. Tairi halijakaa sehemu fulani. Rudia Hatua ya 8. Likiyumba kushoto na kulia na mstari wa ubavuni uko sawa, tatizo ni spoku, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye stendi ya kunyooshea.

Valvu imeinama baada ya siku chache. Upepo ulikuwa mdogo, tairi likateleza juu ya rimu na kuiburuta tyubu. Toa upepo wote, bandua midomo, zungusha tairi hadi valvu isimame, kisha jaza kwa kiwango sahihi.

Dramu inapata moto. Umekaza mno fimbo ya breki, au viatu havikukaa katikati. Legeza nati ya shafti, mtu akanyage breki, kaza tena, halafu urudishe mchezo wa pedali uwe kama sentimita 2 hadi 3.